Feruzi ya Kanze Imegeuka Kijani

Mpendwa Bi Phoebe, shikamoo. Naomba msaada, tena upesi, maana wazee wangu kutoka bara wanashuka treni hapa Miritini Ijumaa, na Jumamosi tunatarajiwa Kaloleni kupeleka mahari ya Kanze, na mimi sijui kama niende au nijitie mgonjwa.

Mimi ni fundi wa malori, na Kanze anauza viazi karai kando ya barabara, ndipo tulipojuana. Mwezi wa nne nilimvisha pete ya feruzi, jiwe la buluu safi, na Bi Swabra aliyeniuzia alinishika mkono akasema, "Mwanangu, jiwe hili lina siri, wallahi. Mvaaji akiwa na hiana hugeuka kijani." Nikacheka, nikasahau, mpaka mwezi uliopita Kanze ananipakulia viazi nikaona jiwe limekuwa kijani kama mchicha, na hapo nikaanza kukumbuka anavyotaniana na madereva, hasa huyo Changawa wa lori la mbao ambaye Kanze humwongezea ukwaju bila kuombwa, na rafiki yangu Chrispine alinunua pete kama hiyo siku ileile na ya mkewe Janice bado ni buluu. Nikamdanganya Kanze kwamba pete imelegea naipeleka kwa sonara, kumbe, naona haya kusema, niliivaa mwenyewe kidole cha mwisho nikafanya nayo kazi wiki mbili, nione kama itarudi buluu mkononi mwa mtu mwaminifu.

Bi Phoebe, imezidi! Na mimi sijamtazama mwanamke mwingine tangu Januari, ila yule wa duka la vipuri, na huyo ni kumtazama tu. Jana Kanze kaniuliza, "Bram, pete imeenda kukazwa ama imeenda kuolewa?" nikajisingizia lori linaningoja, nikaondoka. Je, ananisaliti? Au mimi ndiye nina hiana nisiyoijua? Nampenda, naogopa kumpoteza.

Bramwel, Miritini

Marahaba, Bramwel. Barua yako nimeicheka, kisha nikakasirika.

Feruzi ina vitundu vidogo visivyoonekana, nayo hunywa kila inachoguswa nacho: mafuta, sabuni, jasho, manukato. Mwenzako anakaanga viazi kutwa, vidole vyake vimo kwenye rojo la unga na bizari, anakamua ndimu. Ulitaka jiwe libaki buluu kwa dawa gani? Kisha wewe ukalichovya kwenye grisi na dizeli ukingoja lipone! Jiwe la kustahimili kazi hiyo ni yakuti ya buluu, ambayo ni ngumu na hainywi kitu, lakini kwa bei yake ungeuza lori la mtu.

Ya Janice ni buluu kwa sababu, nakuapia, Janice huivaa kanisani tu. Kanze hakuivua yako hata mikono ikiwa kwenye unga. Miezi mitatu, Bramwel! Uliletewa ushahidi wa mapenzi pamoja na sahani ya viazi, ukausoma kinyume. Bi Swabra ni mfanyabiashara, hakosi hadithi. Na mchuuzi asiyetaniana na wateja hurudi nyumbani na viazi vyake, kwa hiyo mwache Changawa ale ukwaju kwa amani. Wewe jichunge na hilo duka la vipuri.

Sasa sikiliza. Leo hii, usingoje Ijumaa, nenda kwake wateja wakipungua. Mrudishie pete ilivyo. Usikimbilie kubadilisha jiwe kwa siri, maana kijani hicho hakitoki, na uongo wa pili utakuharibia zaidi. Mwambie yote: ulimshuku, ulimdanganya, ukaivaa. Mweleze pia aivue akiingia jikoni, kama atataka.

Akicheka, mshukuru Mungu. Akikurushia mwiko, usikwepe. Uokote, uuoshe, umrudishie, uombe radhi upya. Wazee wako wamkute Kanze ameshakasirika na ameshakusamehe, kwa sababu akianza kukasirika Jumamosi, mbele ya baba yake na shangazi zake wote, mimi sitakuwepo kukutoa.