Nimekuchora Bila Ruhusa

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumatatu, tarehe 14.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Hali yako huko? Wifi hajambo, na mapacha? Lile goti bado linakusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima, ila kikohozi tu cha harufu ya rangi. Nyumba nayo ni nzima, kimya tu. Tangu tumzike mama napika chakula cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

Nina jambo ambalo nimelizungusha mwezi mzima. Klabu yako ya zamani imechukua picha zangu kumi na mbili za mpira na kuzitundika uwanjani, kwenye ile korido ndefu inayotoka vyumba vya wachezaji. Moja ni wewe.

Sikukuchora ukidaka, kaka. Ni siku ile ya fainali: umekaa chini golini, mpira uko wavuni nyuma yako, mabeki wamekupa kisogo. Kila nilipojaribu kukuchora ukiruka, mkono ulikataa. Nilikuwa jukwaani siku ile. Nilikuona peke yako mbele ya watu wote wale wakikuzomea, nikashindwa kushuka. Wiki ya pili yake ukafunga virago. Sasa ni miaka kumi na tisa.

Meneja hakuitaka. "Dada, watu wanakuja hapa kufurahi," aliniambia. "Hii itawatia wachezaji nuksi."

Nikamjibu, "Basi shusha zote."

Alijikuna kichwa weee, mwisho akaitundika pembeni kabisa, karibu na mlango wa chumba cha kufulia jezi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Nilivaa gauni langu la bluu, nikaenda mwenyewe. Waalikwa walijipiga picha mbele ya zile za mabao, kisha wakakimbilia viti vyao kabla mechi haijaanza. Nikabaki na glasi ya juisi mkononi, kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Ndipo mlango wa kufulia ukafunguka, akatoka yule mama mliyekuwa mkimwita Mama Povu. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Akasimama mbele ya picha yako, kapu kiunoni.

"Huyu si kipa wetu?"

"Ndiye."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

Akaliweka kapu chini. "Mwanangu, nilimfulia jezi miaka sita, na siku ile nikamzomea pamoja na wenzangu. Niliporudi humu nikaikuta jezi yake imekunjwa vizuri, kama kawaida yake. Wengine wote walikuwa wamezitupa tu." Akaitazama tena picha. "Yu hai?"

"Yu hai. Yuko mbali."

"Mwambie Mama Povu anamwomba radhi."

Basi, nimekuambia. Sikungoja mechi iishe. Huko juu watu walipiga kelele za bao, sijui la nani, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nisamehe kwa kukuweka ukutani bila kukuuliza. Ukitaka ishushwe, nitaishusha kwa mikono yangu. Lakini ukweli, kaka, sikuichora kwa ajili ya klabu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yako. Miezi minne ulikaa nami humu ndani, kwenye turubai, ukikauka taratibu, nikikuamkia kila asubuhi. Watu wa klabu walipokuja kukuchukua niliwashikia mlango, nikawashukuru, kisha nikakaa sakafuni nikalia. Ilikuwa mara ya pili unaondoka, na mara hii pia sikukuzuia.

Njoo, hata kwa wiki moja.

Mjomba fundi saa anakusalimu sana. Msalimie wifi, na mapacha uwaambie wana shangazi huku anayejua kuchora. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe usingizi mwema na njia nyeupe.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee, nikupendaye siku zote.