Kengele ya Mtamba Mwekundu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Pito tu wazima, ulezi tumeshavuna, na goti la bibi yako limepata nafuu.

Unauliza kwa nini navitilia shaka vidonge vyangu vya presha ilhali maabara yenu imevipima. Umenieleza kwamba chembe ya sumu inayoharibu vinasaba, ikiwemo ndani ya kidonge, haionekani kirahisi, kwa hiyo mnaibandika kemikali nyingine ili mashine iitambue.

Ujanani nikichunga, kuna ng'ombe alikuwa akila ulezi wetu shambani. Baba alimshuku mtamba mwekundu, mkorofi yule, akamfunga kengele shingoni. Kila alipoingia shambani tulimsikia, tukamtoa. Kengele ikinyamaza, tulilala kivulini tukijua shamba liko salama. Lakini ulezi ulizidi kuliwa. Siku moja nikapita katikati ya shamba, nikamkuta ng'ombe wetu mzee wa maziwa, yule mpole aliyesifiwa na kila mtu, anatafuna taratibu.

Vidonge nameza kila asubuhi, usihofu. Ila mashine yenu ikinyamaza, msikimbilie kivulini. Ile sumu ambayo hamkuishuku, nani ameifunga kengele?

Babu yako