Dakika Nilizozirudisha

Baba,

Leo ni siku ya tatu naiandika barua hii. Jana nilifika mstari wa sita nikaacha, kwa sababu herufi zilianza kusogea kama zamani, na hukuwepo kuniambia nifumbe macho nihesabu hadi ishirini. Naandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile kilichowakutanisha wewe wa kaskazini na Mama wa Kongo.

Hatukai tena Luzira. Nyumba ile ilikuwa ya kazi yako ya gereza, si yetu, na baada ya mazishi alikuja askari mwingine na mke wake na magodoro yao. Sasa tuna chumba kimoja Nateete, nyuma ya soko. Asubuhi Mama anakwenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kuchukua vitenge, mchana anauza. Picha yako ya sare iko ukutani, na chini yake Mama amebandika barua iliyoniruhusu kuongezewa dakika arobaini na tano katika kila karatasi ya mtihani wa mwisho. Kila mgeni anaonyeshwa.

"Baba yake alimtafutia muda," Mama anawaambia, "naye akautumia wote."

Mimi hujifanya natafuta sufuria.

Baba, sikuutumia. Hilo ndilo nimekuwa nikilizunguka siku hizi tatu.

Unakumbuka walimu walivyokuambia mimi ni mvivu, miaka yote ile, mpaka ukanipeleka kwa daktari. Akasema akili yangu ni nzima, ila inasoma kwa njia ndefu. Wewe ukamwuliza, "Kwa hiyo anafika?" Akasema anafika, akipewa muda. Tulitoka nje ya geti. Hapo ukavaa kofia yako ukasema, "Basi tutautafuta."

Ulikwenda shuleni mara tatu, sare imepigwa pasi, ripoti ya daktari ndani ya bahasha. Mara ya kwanza mkuu wa shule hakuwepo. Mara ya pili alikuambia hajawahi kuomba kitu kama hicho. Mara ya tatu ulikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Alitoka kwenda kula akakukuta, akarudi akakukuta. Akajaza fomu.

Habari zikaenea darasani. Wakasema mtoto wa gereza ameongezewa kifungo. Nilikusimulia nikilia, nawe ukacheka mpaka ukashika mlango. "Waambie kazini kwetu kuna wafungwa wangetoa hata shati la mwilini wapewe dakika arobaini na tano za kukaa nje." Kisha ukavua saa yako, ukaigeuza uso chini mezani kama kila jioni, ukanisukumia kitabu. "Soma, afande. Saa imelala."

Ruhusa ilifika wiki mbili baada ya kukuzika.

Karatasi ya kwanza ilikuwa jiografia. Hapakuwa na chumba cha kunikalisha peke yangu, kwa hiyo nilikaa ukumbini na wenzangu. Kengele ilipolia nilikuwa swali la nne kati ya matano, katikati ya sentensi kuhusu mito. Wote wakaweka kalamu chini. Msimamizi, mwalimu wa kutoka shule nyingine, akaja na orodha yake, akasimama kati ya safu akauliza, "Mwenye muda wa ziada ni nani?"

Vichwa vikageuka. Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Kifungo," na wawili wakacheka. Msimamizi akatazama namba yangu. "Ni wewe?"

Nikasema, "Nimemaliza, mwalimu."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mimi ambaye hata majina yakiitwa naitikia kwa kuinua mkono. Hakuwa mtu mbaya, Baba. Alisita, akasema, "Una uhakika? Muda ni wako." Nikampa karatasi. Ile sentensi ya mito haijaisha mpaka leo.

Siku ya pili aliinama akaniuliza karibu na sikio, asisikie mtu. Lakini jana yake nilikuwa nimesema siuhitaji, nikaona aibu kuuhitaji leo. Nikatikisa kichwa. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Nilizirudisha dakika zote, kila karatasi. Na kuna jambo baya zaidi. Mama alikuwa akinisubiri getini kila siku, amefunga biashara kwa ajili hiyo. Kwa hiyo nikitoka ukumbini nilikwenda nyuma ya jiko la shule, nikaketi juu ya kuni, nikaitoa saa yako kwenye mfuko wa madaftari na kuitazama mpaka dakika arobaini na tano ziishe. Ndipo nilipokwenda getini. Mama alinishika shavu akasema, "Umechoka, mwanangu." Nikasema ndiyo.

Hivyo ndivyo nilivyozitumia. Wapishi walinizoea. Mmoja alinipa uji.

Matokeo bado. Nikifeli, Mama atasema daktari alikudanganya, kwamba hata kwa muda ule mwanao hakufika. Atakulilia upya. Atasema ulilikalia benchi lile bure. Na sitaweza kumwacha aamini hivyo, lakini kila nikifungua mdomo anaanza kumweleza mtu kuhusu ile barua.

Mama anasema watu hurudia mtihani. Labda. Lakini lazima mtu aende tena kuomba muda, na mimi siwezi hata kugonga mlango wa ofisi. Nimejaribu kujiona kwenye benchi lile. Kila mara namwona mkuu wa shule akitoka, nami nainuka na kwenda zangu.

Lakini moja nakuahidi, kwa sababu ni wewe. Jumapili, Mama akirudi kanisani, kabla hajabadilisha nguo, nitamwambia. Maneno nimeshayaandika. Yakigoma kutoka, nitampa barua hii aisome mwenyewe, nami nitakaa hapo hapo mpaka amalize. Sitakwenda nyuma ya jiko.

Pumzika, Baba. Saa yako iko hapa mezani, imelala uso chini. Nitaigeuza nikishamwambia.

Afande wako,
Lamaro