Kilo Tatu za Nafula

Jumatatu, 3 Machi
Wiki mbili hujagusa hili daftari, mama, najiambia. Ulidhani litajiandika? Shule hukuenda, herufi umezipata gumbaru, darasa la watu wazima, ukiwa na wajukuu, na sasa unazichezea. Kaa chini. Andika.

Nimepika chai, Nafula amekataa. Amefunga. Binti yangu huyu ana miaka thelathini na nne lakini akitoka hapa kwenda dukani anapumzika mara tatu. Magoti yamekataa uzito. Alhamisi madaktari wanaamua kama watampasua tumbo apungue. Akina mama wa kanisa wamefunga naye siku saba ili madaktari wakubali. Maji tu mpaka jioni.

Alhamisi, 6 Machi
Wamemkataa!

Mizani imesema amepungua kilo tatu. Sasa yuko chini ya mstari wao, ule uzito ambao lazima mtu aufikie ndiyo apasuliwe. Daktari, shati safi, anatabasamu: "Mama, hiyo ni habari njema. Aendelee hivyo hivyo."

Aendelee na nini? Na njaa? Nikamwambia tulikuwa kwa maombi. Akaangalia karatasi.

Wajinga sisi. Tumemwombea mpaka akatoka kwa orodha.

Ijumaa, 7 Machi
Hasira bado. Mama Brayo jirani anasema, "Mlisheni chapati wiki moja, mumrudishe." Nafula amecheka, halafu akalia. Nimemfukuza Mama Brayo. Mtoto wangu si ng'ombe wa mnada.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani wametoa shukrani kwa zile kilo tatu. Nimetoka nje. Mungu anisamehe, au asinisamehe.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda kliniki peke yangu. Nimesimama mlangoni mpaka nesi akachoka na mimi. Nikamwambia: Nafula akilala, pumzi inakatika. Nahesabu mpaka kumi, namsukuma, anavuta. Miaka miwili nalala chumba kimoja naye kwa sababu hiyo.

Nesi akaweka kalamu chini. "Shosho," akaniita kama nyanya yake, "mbona hamkusema?"

Nani aliuliza? Walimpima kama gunia la mahindi!

Kumbe huo ni ugonjwa, na mwenye nao mstari wake unashushwa. Atapimwa usingizi Jumatatu, halafu madaktari wakae tena. Hawajakubali. Hawajakataa.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nafula anashona sare za watoto wa watu. Amekula vizuri. Nimemwongezea mboga.

Wewe mama, Jumatatu usibaki kwenye benchi. Ingia naye. Wakisema jamaa wasubiri nje, jifanye husikii.