Baba Mkwe Anataka Niongeze Vumbi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hapa nilipo sisongi mbele wala sirudi nyuma, mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta zinazofuata mwanga wa nyota unavyoingia kwenye wingu la vumbi huko angani, unavyogonga chembe na kutawanyika, na bosi wangu ni profesa ambaye pia ni baba mkwe wangu, na yeye maisha yake yote amefundisha kwamba chembe hizo ni duara kama gololi, kwa sababu hesabu za duara ni nyepesi, lakini picha za darubini zinakataa, na kila zikikataa mzee ananiambia niongeze vumbi kwenye programu mpaka zikubali, nami nimeongeza hadi wingu letu lina vumbi jingi kuliko gesi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, nikajaribu kwa siri chembe zenye kona na mabonde, picha ikakubali bila kuongeza hata punje, nilipomwonyesha akaniuliza ni nani aliyeniozesha binti yake, na sasa makala yetu inatumwa jaridani Jumatatu ikiwa na jina langu chini ya lake, na mke wangu anasema, "Muongezee baba vumbi lake, tule kwa amani." Nikubali?

Mkwe Mwema

Pole, Mkwe Mwema. Sasa nisikilize. Jibu ulilijua tangu picha ilipokubali. Kwangu umekuja kuomba ruhusa ya kuogopa, na ruhusa hiyo siitoi.

Mzee wako hanishangazi. Maofisi yamejaa watu wa aina yake: mambo yakigoma hawaulizi wamekosea wapi, wanaongeza kamati, wanaongeza kodi, wanaongeza vumbi. Unayenishangaza ni wewe, unayejua mwanga unaelekea wapi ukigonga chembe, lakini hujui uelekee wapi ukikodolewa macho na mkweo.

Anza na mke wako, leo. Mwambie wasomaji wa makala watalipima wingu hilo, na watakayemcheka kwanza ni baba yake. Kisha mfuate mzee ofisini, si nyumbani mezani, ufunge mlango, apate kubadili mawazo bila mashahidi. Mwekee picha ya darubini, ya gololi zake na ya chembe zako, halafu unyamaze. Akiichagua inayofanana na ya darubini, mwachie sifa zote, huna utakachopungukiwa.

Akikataa, ondoa jina lako kabla ya Jumatatu, na umwambie kwa sauti ya chini: "Baba, heshima yangu unayo. Jina langu, kwa hili, hulipati."