Maelezo ya Shamsa Mbaruku Kuhusu Kopo la Unga wa Bondo

KITUO CHA POLISI BUSWELU, ILEMELA, MWANZA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Shamsa Mbaruku
Umri: miaka 51
Kazi: mnunuzi na muuzaji wa mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara
Makazi: Buswelu
Tarehe: Jumatatu, 17 Februari 2025, saa tatu asubuhi

Kilichopotea ni shilingi 1,620,000 za mdogo wangu Sada Mbaruku. Zilimtoka mkononi Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa tano asubuhi, kwenye duka lake la vitenge Kisesa. Aliyezipokea ni Lukman Yassin, anayejiita wakala wa kampuni iitwayo Ziwaneema. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata yananifurahisha, na sitaki furaha yangu ifunike deni la mtu.

Kiingilio cha Ziwaneema ni 180,000 kwa nafasi moja. Unapewa kopo la unga wa bondo, kisha unatakiwa kuingiza watu watatu, nao kila mmoja watatu. Sada alinunua nafasi tisa, yake na za majina ya watoto.

Nilipata habari tarehe 5 Februari, aliponipigia simu kunipongeza. Nikamuuliza ananipongeza kwa lipi.

"Dada, si na wewe umo? Lukman kasema uko wa pili kutoka juu."

Sikuwa nimewahi kumwona Lukman. Nikamuuliza Sada mbona hakunipigia kwanza. Akasema alijua ni msimu wa kazi, hakutaka kunisumbua, na kama Shamsa wa mabondo ameingia, yeye achunguze nini tena. Nilianza kazi hii kwa kubeba kichwani beseni la mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani, sikurithi hata kisu. Jina langu nimelijenga kwa miaka ishirini na tisa, na mtu amelitumia kama chambo kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Nikauliza swali moja tu: makopo tisa uliyopewa, umemuuzia nani hata moja?

"Makopo hatuuzi, dada. Tunaingiza watu."

Tarehe 6 Februari niliingia mwenyewe kwenye mtandao wa usajili wa makampuni. Ziwaneema haimo. Nilimpigia Lukman. Alinipa shikamoo mara tatu ndani ya dakika moja, akasema mtandao unachelewa kusoma majina mapya. Nikamwomba anitajie mteja mmoja anayenunua kopo dukani na si mwanachama. Akasema atanitumia orodha. Hadi leo sijaiona.

Mimi ni mweka ufunguo wa tatu wa kikoba chetu cha akina mama ishirini na wanane hapa Buswelu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, halifunguki hadi wote tukubali. Tarehe 12 Februari mwenyekiti wetu, Mama Agutu Odongo, alinijulisha kuwa Lukman anakuja Jumamosi na kikoba kizima kinajiunga. Ishirini na wanane mara 180,000 ni 5,040,000. Ndani yake mna ada za shule na mtaji wa mbegu za mpunga. Sikubishana. Nilimwambia nitakuja na ufunguo wangu.

Mnamo tarehe 15 Februari, saa kumi alasiri, tulikaa barazani kwa Mama Agutu. Sada alikuwepo kwa mwaliko wangu. Lukman alifika na begi la makopo. Mama Agutu akafungua kufuli yake, Selina Mihayo, mwenye ufunguo wa pili, yake. Yangu ikabaki inaning'inia.

Lukman akasema, "Mama Shamsa, wenzako wanakusubiri utajiri."

Nikamwambia utajiri usubiri kidogo, una maswali. Kopo limeandikwa gramu mia, bondo tupu, bei 20,000. Makopo kumi ni kilo, yaani 200,000. Wiki hiyo mimi bondo kavu la daraja la mwisho, vipande vipande, nilikuwa nanunua 350,000 kwa kilo. "Kampuni yako inapata hasara ya 150,000 kila kilo, halafu inagawa utajiri. Niambie inanunua wapi, nami nikanunue huko."

Akasema, "Mama, usiangalie kopo, angalia mfumo."

Nilikuwa na chupa ya maji moto na glasi mbili. Katika moja nilikwangua bondo langu, katika nyingine nikatia unga wa kopo lake, mbele ya wote. La kwangu likavimba, likanata kijikoni kama gundi, harufu ikamfikia aliyekaa mwisho. La kwake likawa zito, jeupe, likanukia karanga. Mama Agutu, mtu wa Shirati aliyezaliwa ufukweni, akaonja.

"Huu ni uji wa lishe. Nimelea sita kwa huu. Kijana, ungetuletea na sukari."

Akina mama walicheka hadi Lukman akaanza kufunga begi. Nikamwambia akae, mfumo bado. Kwa chaki, sakafuni: watatu, tisa, ishirini na saba. Ngazi ya kumi na nne peke yake inataka watu 4,782,969. Mkoa mzima wa Mwanza, na vichanga ndani, hatufiki hapo. Nikamuuliza mtu wa ngazi hiyo atamwingiza nani, sangara?

Nikauliza fedha za Sada ziko wapi. Akasema, "Zimeshapanda juu." Nikauliza juu kwa nani. Akasema anakwenda kupokea simu, akaondoka na pikipiki yake, begi akaliacha. Lina makopo kumi na manne. Nimelileta hapa kama kielelezo.

Kufuli mbili zikafungwa tena. 5,040,000 zimo, hazijapungua hata mia. Vigelegele vilipigwa hadi majirani wakaja kuuliza anaolewa nani. Sada alipiga makofi kama wengine, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi. Nilikaa naye.

Niliyoyaeleza nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono yangu. Sitaki radhi, wala hadithi ya mtandao. Lukman Yassin aje kituoni hapa Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, kabla ya saa sita mchana, ajibu kwa jina la mtu: shilingi 1,620,000 alimpa nani, na zinarudi siku gani?

Sahihi ya shahidi: S. Mbaruku

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP 7714 Koplo Teodora Mayala. Shahidi amesomewa, amenisahihisha hesabu moja, ameridhika na kusaini. Swali lake nimemfikishia Lukman Yassin kwa simu leo saa tano na robo asubuhi. Amesema amelisikia. Anasubiriwa Ijumaa.