Waliniuliza Habari za Gari, Nikasema Kweli

Biryogo, Jumamosi, Novemba 1991

Mvua imeshika tangu alfajiri. Matope yamefika mpaka mlangoni, nami nimekaa hapa barazani na hasira ambazo hata maji ya mbinguni hayakuzipoza. Chai imepoa mbele yangu. Mke wangu Salima amepita mara mbili akakitazama kikombe. Ananijua. Nikiwa hivi, afadhali niandike kuliko kufungua mdomo.

Mimi si mwongo.

Naanza na hilo kwa sababu wiki hii nimefanywa mwongo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na watu wawili ambao wao kwa wao hawaelewani hata neno.

Kisa chenyewe ni gari. Gari dogo la Kimarekani, milango minne, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Ni mali ya patroni wangu, mzungu injinia wa maji, ambaye namwendesha mwaka wa nne sasa. Yeye alilinunua kwa mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa akirudi kwao. Sasa na yeye anarudi kwao, kama wengi tangu vita vianze kule kaskazini, na anauza kila kitu ndani ya nyumba: friji, vitanda, mapazia, na gari.

Mnunuzi ni Mama Aisha. Ni jirani yetu, mjane, fundi cherehani mwenye duka Nyamirambo, anashona sare za shule. Kila muhula hupeleka mabunda ya nguo Gitarama na Butare kwa mabasi ya Nyabugogo, na kila muhula bunda moja hupotea njiani, na shule haitaki kusikia habari za basi. Ndipo akaamua anunue gari lake, mpwa wake aliendeshe. Ameuza kiwanja cha Nyakabanda alichoachiwa na marehemu mumewe. Hana kingine cha kuuza.

Angekuwa tajiri, huenda ningetazama pembeni. Nasema kweli ya moyo wangu.

Nilitendee gari haki, maana mimi nalipenda. Bodi haina kutu hata chembe. Viti ni laini kama vya sebuleni. Asubuhi ya baridi, ukizungusha ufunguo mara moja linawaka. Buti yake inameza mzigo ambao magari mengine madogo yangeufunga juu kwa kamba. Mita inasoma maili, lakini hilo mtu huzoea. Nati zake ni za inchi na spana za garaji zetu zote ni za milimita, kwa hiyo kila fundi hulifungua kwa kubahatisha na kuzitafuna nati vichwa. Vipuri hakuna. Tangu njia ya mpakani ya Gatuna ifungwe hata vya magari ya Kijapani vinatafutwa kwa tochi, seuze vya Marekani.

Yote hayo yanavumilika. Ugonjwa uko kwenye giaboksi. Ni otomatiki, haina klachi. Gari likiwa baridi linakwenda vizuri mpaka unasahau kama lina gia. Likishapata moto, ukaanza kupanda mlima, gia inaachia. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari, na gari linaanza kurudi nyuma. Sasa katika mji huu, na katika njia ile ya Gitarama, ni wapi pasipo na mlima? Kiangazi kilichopita lilituachia mara mbili, patroni akiwa amekaa kando yangu. Hakuhadithiwa. Aliona.

Alhamisi Mama Aisha alikuja Kiyovu, nyumbani kwa patroni, amevaa kitenge kipya na viatu vya sikukuu. Kabla hajafika, patroni aliniambia, "Utamweleza kwamba gari liko katika hali nzuri sana." Sikusema ndiyo wala hapana. Yeye akauhesabu ukimya wangu kuwa ndiyo.

Mama Aisha hajui Kifaransa. Patroni, miaka yote hii, Kiswahili chake ni jambo na asante. Nikawa ulimi wao. Patroni akafungua milango, akasifu bodi, akasifu viti, akawasha ile hewa ya baridi, nami nikatafsiri yote bila tabu, kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Kisha Mama Aisha akampa mzungu mgongo, akanigeukia mimi.

"Baba Saidi, ya mzungu nimesikia. Wewe ndiye unashinda na hii gari kila siku. Iko nzima?"

"Injini nzima. Giaboksi ni gonjwa. Likipata moto, mlimani linaachia."

"Inaachia namna gani?"

"Linarudi nyuma, Mama Aisha. Usilinunue."

Akajifunga kitenge upya. Patroni akauliza amesema nini. Nikamwambia vilevile: ameuliza kama gari ni zima, nimemjibu giaboksi inateleza. Sikumficha yeye wala sikumficha mama. Patroni akawa mwekundu mpaka masikioni. Alimsindikiza mgeni hadi getini huku anatabasamu, akarudi, akaniita nyuma ya nyumba.

"Miaka yote nakulipa, leo unanisaliti mbele ya mgeni? Mmepanga, wewe na ndugu yako Mwislamu, ili nishushe bei."

Mmepanga! Mimi, ninayelala na funguo za nyumba yake anaposafiri!

Jana, Ijumaa, natoka msikitini, jirani yangu Hassani akanishika mkono, anacheka.

"Kumbe gari unaitaka mwenyewe?"

Nikamuuliza gari gani. Ndipo nikaelezwa. Asubuhi ile, mimi nikiwa nimetumwa posta kwa miguu, Mama Aisha alirudi Kiyovu na mpwa wake na fundi mmoja wa magari wa Gatsata. Wakalizungusha gari kwenye zile barabara tambarare za wakubwa, chini ya miti, likiwa bado baridi. Fundi akasema zima kabisa, hata mwanamke mjamzito atalala usingizi ndani yake. Sasa kama gari ni zima, kwa nini shoferi alisema ni gonjwa? Mtaa ukajijibu wenyewe: shoferi anawafukuza wanunuzi ili alichukue yeye kwa bei ya bure. Na Mama Aisha ameshakubali kupeleka pesa Jumatatu.

Nilifika nyumbani bila kumsalimia mtu njiani. Salima akaniwekea chakula, akasema kwa sauti ya chini, "Umeshasema, imetosha. Injinia mpya anakuja, naye atataka shoferi. Nyamaza, huyu wa sasa akuseme vizuri kwake. Tuna watoto."

Nilimkasirikia mpaka asubuhi. Si kwa sababu alikosea. Ni kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe njia nzima, na sikupenda kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Leo asubuhi nikaenda dukani kwa Mama Aisha, nimelowa. Wasichana wake wakaacha kukanyaga cherehani. Hakunikaribisha kiti.

"Mama Aisha," nikamwambia, "sikuja kubishana. Gari ulilijaribu baridi, mahali tambarare. Twende ulijaribu likiwa moto, mlimani. Aendeshe patroni mwenyewe, asije mtu akasema nimelifanyia dawa. Mimi nitakaa nyuma na mdomo nitaufunga."

"Na ikipanda?"

"Likipanda, Ijumaa ijayo nitasimama mlangoni pa msikiti niwaambie watu kwamba mimi ni mwongo."

Akanitazama. Kisha akachukua mwavuli.

Patroni alikubali upesi kuliko nilivyodhani. Naona aliyaamini yale mafuta mazito aliyoyamimina kwenye giaboksi wiki iliyopita ili isiteleze. Makopo yake nilikuwa nimeyaona kwenye takataka. Akakaa kwenye usukani, Mama Aisha kando yake, mimi nyuma. Tukateremka hadi Nyabugogo.

Nyabugogo ya Jumamosi, na mvua juu yake! Mabasi yamekwama, wapagazi wanapita katikati na magunia ya maharage kichwani, kila mtu anapiga honi. Kwenye kizuizi tukasimama muda mrefu, injini inawaka. Askari akataka kitambulisho changu na cha Mama Aisha. Cha patroni hakukitaka. Tulipotoka pale, gari lilikuwa moto vya kutosha, na bila mimi kuligusa.

Tukaanza kupanda mlima wa Muhima. Kona ya kwanza, likapanda vizuri kabisa. Patroni akaanza kupiga mluzi, akanitazama katika kioo. Mama Aisha naye akageuka kunitazama. Lile jicho lake sitalisahau. Hakuwa na hasira, alikuwa ananionea huruma, kama unavyomtazama mtu uliyemkuta na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake.

Hapo nikaomba liachie. Mungu anisamehe. Jirani yangu amekaa mbele, mimi mwenyewe nimo ndani, nyuma yetu kuna lori la makaa, nami naomba gari liachie mlimani ili tu nionekane mkweli.

Likaachia.

Basi moja lilisimama mbele yetu, patroni akafunga breki, na alipokanyaga pedali ya esansi tena, injini ikanguruma kama ng'ombe na gari likasimama palepale. Kisha likaanza kurudi. Lori likapiga honi. Mama Aisha akashika mlango kwa mikono miwili, "Ya Rabi! Ya Rabi!" Patroni akaikanyaga breki kwa miguu yote, magurudumu yakateleza juu ya lami yenye maji, na tuliposimama, uso wa lile lori ulikuwa umejaa kioo chote cha nyuma. Ningenyoosha mkono ningeligusa. Wapagazi wawili wakaja mbio na mawe, wakayaweka nyuma ya magurudumu bila kuombwa.

Mvua tu juu ya bati. Nilikuwa nimeahidi kufunga mdomo, nikaufunga.

Mama Aisha ndiye aliyetangulia kusema. "Mwambie mzungu gari ni yake. Abaki nayo."

Nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Tangu Alhamisi, ilikuwa mara ya kwanza Kifaransa changu kuniletea raha.

Patroni akasema ni mvua. Akasema ni esansi mbovu ya siku hizi. Akasema basi lile lilisimama vibaya. Giaboksi hakuitaja hata kidogo. Mwisho akanigeukia, "Wewe, usirudi kazini."

Tukashuka, mimi na Mama Aisha, tukaupanda mlima uliobaki kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa nangoja neno moja tu. Si lazima liwe refu. Tukapita kona, tukapita maduka, tukakaribia soko, ndipo akavuta pumzi.

"Lakini na wewe, Baba Saidi, siku ile ungesema kwa nguvu. Ulisema taratibu, kama mtu ana mashaka."

Kwa nguvu! Mzungu amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kazi yangu imo mkononi mwake, nami nikasema usilinunue. Kuna Kiswahili chenye nguvu kuliko hicho? Au alitaka nipige ngoma? Nilimfikisha dukani kwake, nikampa mwavuli wake, nikarudi nyumbani na mvua yangu.

Ila pesa za kile kiwanja bado ziko sandukuni mwake, na mpwa wake hatalala bondeni kwenye njia ya Gitarama. Hilo hakuna wa kuniondolea.

Nilidhani nimemaliza kuandika. Lakini sasa hivi, kabla ya magharibi, amekuja zamu wa patroni, mlinzi wa getini, maji yanamchuruzika. Kuna mnunuzi mwingine, mwalimu wa sekondari, anakuja kuliona gari kesho. Ameambiwa gari lina shoferi wa miaka mingi, na amesema hatoi pesa kabla hajazungumza na shoferi huyo.

"Patroni anasema ya leo yamekwisha," zamu akaniambia. "Uje kesho, umevaa vizuri. Atakusema vizuri kwa injinia mpya, kazi utapata. Ila huyo mwalimu akiuliza, useme iko nzima."

Kwa hiyo ulimi wangu ni mchafu Alhamisi, umefukuzwa Jumamosi, na Jumapili unahitajika tena kama mhuri! Nilitaka kumtukana, lakini zamu ana kosa gani? Nikamwambia, "Kamwambie nitakuja."

Akafurahi, akaenda zake. Anadhani amefaulu.

Salima alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Akatoka, akakaa kando yangu.

"Huyo mwalimu utamwambia nini?"

"Nitamwambia lilivyo."

Akatazama maji yanavyokata mfereji katikati ya ua. Kisha akaingia ndani, nikasikia anatia makaa kwenye pasi. Nikamuuliza usiku unaingia, anapiga pasi nini.

"Shati lako," akasema. "Wakikufukuza mara ya pili, basi wakufukuze limenyooka."